Mwana wa Mhunzi na Mtambo wa Dodoma

Wazee walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma, kazi ya baba. Kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto, kazi ya anayekaa kando akingoja mikono yake ikomae. Methali haituambii kwamba mhunzi alimketisha mwanawe akampa somo. Inatuambia tu kwamba mtoto alikuwepo. Alikaa karibu na tanuri, akaona chuma kinavyobadilika rangi kabla ya kutolewa motoni, akaona nyundo inavyoinuliwa na pale inapoangukia. Siku baba alipougua, mikono ya mtoto ikawa inajua mambo ambayo hakuna aliyemwambia.

Kwetu hilo si la ajabu. Mtazame mtoto wa kike wa miaka mitatu akicheza uani. Amejifunga chupa tupu mgongoni kwa kipande cha kanga. Anainama ili isidondoke, anairusha juu kidogo, anakaza fundo kifuani, kisha anatembea taratibu huku akiimba kwa sauti ya chini. Hajawahi kubeba mtoto, wala hajapewa pipi kwa kubeba chupa. Lakini hakuna kilichosahaulika, hata ule mkono unaokwenda nyuma kupapasa kama miguu ya mtoto imekaa sawa, na chupa haina miguu.

Wanasaikolojia wa Marekani walimpita mtoto huyu bila kumwona kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1898 Edward Thorndike wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwafungia paka ndani ya masanduku ambayo mlango wake ulifunguka mnyama akivuta kamba au akikanyaga kibao. Paka alihangaika, akakwaruza huku na huku, akagusa pale penyewe kwa bahati, akatoka, akala. Akirudishwa, alitoka haraka zaidi. Thorndike akaweka paka mwingine amtazame mwenzake anavyotoka, na kutazama hakukumsaidia kitu. Kutokana na kazi za namna hiyo, na baadaye za B. F. Skinner na panya na njiwa wake, ikajengeka imani kwamba kiumbe hujifunza kwa kutenda mwenyewe na kupata tuzo. Mwaka 1941 Neal Miller na John Dollard wa Chuo Kikuu cha Yale waliandika kitabu kizima juu ya kuiga, lakini hata kwao mwigaji alipaswa atende kwanza, kisha atuzwe, ndipo ahesabiwe kuwa amejifunza.

Aliyeona kasoro hapo ni Albert Bandura. Alizaliwa tarehe 4 Desemba 1925 katika mji mdogo wa Mundare, jimbo la Alberta nchini Kanada, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Ulaya ya Mashariki. Baba yake alitandika reli kabla ya kupata shamba. Mji ulikuwa na shule moja, walimu wachache na vitabu vya kuhesabika, wanafunzi wakawa wanajisomesha wenyewe. Hata saikolojia aliiingia kwa bahati: chuoni British Columbia alikuwa akisafiri kwa gari moja na wenzake waliowahi vipindi vya alfajiri, akatafuta somo la kujazia saa hizo za mapema, akaliangukia hilo. Mwaka 1953 alianza kazi Chuo Kikuu cha Stanford, California, na hapo ndipo alipokaa maisha yake yote ya kazi.

Kilichomsumbua kilikuwa jambo la kawaida la malezi. Pamoja na mwanafunzi wake Richard Walters alichunguza vijana wakorofi waliotoka katika familia zenye uwezo na heshima, ambao ukorofi wao haukuweza kusingiziwa umaskini wala mtaa mbaya. Kitabu chao cha mwaka 1959 kinaeleza walichokikuta: wazazi ambao hawakuvumilia ubishi ndani ya nyumba, lakini waliowahimiza wana wao wamalize ugomvi wa nje kwa ngumi, na ambao wenyewe walikuwa wepesi wa ukali. Mtoto alisikia katazo na akaona mfano. Aliufuata mfano.

Lakini kuhoji wazazi hakutoshi kumnyamazisha mbishi, kwa hiyo Bandura na wenzake wawili, Dorothea Ross na Sheila Ross, wakaandaa jaribio lililochapishwa mwaka 1961. Nitalieleza polepole, kwa sababu mengi yaliyofuata, hadi huku kwetu, yana mzizi wake katika chumba kile.

Walichukua watoto 72 wa shule ya chekechea ya Stanford, wavulana 36 na wasichana 36, wenye umri wa kati ya miaka mitatu na karibu sita. Mtoto aliingizwa chumbani peke yake, akaketishwa kwenye meza kona moja na vibandiko vya rangi vya kutengenezea picha. Kona ya pili alikaa mtu mzima, na mbele yake vijiti vya kujengea, nyundo ya mbao, na mwanasesere wa kujazwa upepo, mrefu kama futi tano, mwenye uzito kitakoni ili akisukumwa ainuke tena. Jina lake Bobo. Kwa dakika moja mtu mzima alichezea vijiti vyake. Kisha akamgeukia Bobo.

Hakumpiga hovyo. Alimlaza, akamkalia, akampiga ngumi za pua. Akamwinua na kumgonga kichwani kwa nyundo. Akamrusha juu, akamzungusha chumba kizima kwa mateke, na kila mara akitamka maneno yale yale ya kuamuru apigwe, apigwe pua, aangushwe. Ujanja wa jaribio ulikuwa hapo. Vitendo vilichaguliwa viwe vya ajabu makusudi, kwa sababu mtoto yeyote anaweza kumsukuma mwanasesere, lakini atakayemkalia, kumgonga kwa nyundo na kutamka maneno yale kwa mpangilio ule hawezi kuwa ameyatoa kichwani mwake. Theluthi moja ya watoto waliona hayo. Theluthi nyingine walimwona mtu mzima aliyecheza kwa utulivu asimjali Bobo. Waliobaki hawakuona mtu.

Baadaye kila mtoto alipelekwa chumba kingine chenye vitu vya kuchezea vya kupendeza. Baada ya dakika mbili hivi aliambiwa kwamba vile ni vizuri mno na vimewekewa watoto wengine. Akaingizwa chumba cha tatu akiwa amekereka. Humo mlikuwa na vikombe vya chai, rangi, dubu, magari madogo, na Bobo mwingine mfupi, na nyundo. Kwa dakika 20 watafiti walimtazama kupitia kioo cha kuonea upande mmoja, wakiandika alichofanya kila baada ya sekunde tano.

Watoto walioona kipigo walikirudia, mateke kwa mateke na neno kwa neno. Wengi wa wale wa makundi mengine mawili hawakuonyesha hata kitendo kimoja cha namna ile. Wavulana walipiga zaidi kuliko wasichana, na walimfuata zaidi mpigaji wa kiume kuliko wa kike. Baadhi ya watoto walishangaa kwa sauti kwamba mama mzima anafanyaje mambo yale. Hawakuwa wamepewa tuzo, hawakuwa wameambiwa waige, na mtu waliyemwiga hakuwepo tena. Mtoto wa chupa na kanga alikuwa amepata shahidi.

Walioikosoa kazi hii walisema, na bado wanasema, kwamba Bobo alitengenezwa ili apigwe, kwamba kumpiga mwanasesere si kumpiga mwenzako, na kwamba watoto wa chekechea ya chuo kikuu si watoto wote wa dunia. Hoja hizo zina uzito. Jaribio halikuthibitisha kwamba anayetazama ngumi atakuwa jambazi. Lakini halikuhitaji kuthibitisha hilo ili liwe kubwa. Lilithibitisha kwamba mfano peke yake unafundisha.

Jaribio la mwaka 1965 ndilo ninalolipenda zaidi, na linajulikana kidogo zaidi. Safari hii watoto walitazama filamu ya mtu akimpiga Bobo, lakini filamu iliishia kwa njia tatu. Katika moja mpigaji anapewa vinywaji, peremende na sifa. Katika nyingine anakaripiwa na kuadhibiwa. Katika ya tatu haambiwi lolote. Watoto walioona mpigaji akiadhibiwa waliiga kwa uchache zaidi kuliko wenzao. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Lakini Bandura akaendelea: akawaahidi watoto wote juisi na vibandiko kwa kila kitendo watakachokumbuka na kukionyesha. Tofauti zikatoweka. Wale walionyamaza nao walikuwa wameyashika yote, ila walikuwa wamejifunza na gharama yake, wakayaweka akiba.

Hapa pana jambo ambalo mzazi yeyote angepaswa kulitafakari. Mtoto anayetulia baada ya kuona ukatili hajausahau. Anasubiri kujua kama unalipa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, Bandura na wenzake waliigeuza elimu hiyo upande wa pili. Walichukua watoto walioogopa mbwa, wakawatazamisha mtoto mwenzao wa miaka minne akimsogelea mbwa hatua kwa hatua, siku baada ya siku, hadi anamchezea. Wengi wa waoga walimsogelea mbwa nao. Angeweza kuwekwa mtu mzima shujaa, askari labda. Alichaguliwa mtoto wa rika lao, na alianza na hatua ndogo. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo litakalovuka bahari.

Lilivuka kwanza kuelekea Amerika ya Kusini, na si kwa mikono ya msomi. Kati ya mwaka 1969 na 1971 televisheni ya Peru ilionyesha tamthilia ya Simplemente María. María ni msichana wa shamba anayekuja Lima kufanya kazi za ndani. Anadanganywa, anapata mimba, anatupwa. Usiku anajifunza kusoma, anajifunza cherehani, anashona nguo za watu, na hatimaye anakuwa mbunifu wa mavazi mwenye jina. Waandaaji walitaka biashara tu. Lakini wasichana wa kazi wa Lima walianza kujiandikisha madarasa ya kusoma na ya ushonaji, na cherehani za Singer zikauzwa kwa wingi. Siku ilipopigwa picha ya harusi ya María na mwalimu wake, maelfu ya watu walifika nje ya kanisa kama jamaa wa bibi harusi.

Huko Mexico, Miguel Sabido, mtu wa tamthilia katika kampuni ya Televisa, aliyaona hayo akajiuliza kama yanaweza kufanywa kwa makusudi. Alisoma maandishi ya Bandura na kujenga utaratibu wake. Katika kila tamthilia awepo mwema na awepo mwovu, na kila mmoja alipwe anachostahili mbele ya macho ya watazamaji. Katikati yao awepo mtu wa njia panda, mwenye maisha yale yale ya mtazamaji, anayetamani mema, anayeteleza, anayerudi nyuma, na anayebadilika kwa taabu. Huyu wa tatu ndiye mwalimu. Mwema kupita kiasi huheshimiwa tu. Hafuatwi, kwa kuwa mtazamaji haoni njia ya kufika alipo.

Tamthilia ya Sabido ya Ven Conmigo, yaani Njoo Nami, ya mwaka 1975 na 1976, iliwahusu watu wazima wanaojifunza kusoma. Mexico ilikuwa na kampeni ya kisomo na vitabu vya bure, lakini watu waliona haya kwenda. Baada ya kipindi kimoja kilichotaja mahali vitabu vinapopatikana, umati ulimiminika kwenye kituo cha Mexico City kiasi cha kukwamisha magari. Waliojiandikisha katika mwaka wa tamthilia walizidi 800,000, wakati mwaka uliotangulia hawakufika 100,000. Bandura mwenyewe alikuja kulieleza tukio hilo mara nyingi, kwa furaha ya mtu aliyeona mbegu yake imeota kwenye shamba la jirani.

Kutoka Mexico utaratibu huo ulikwenda India, ambako Hum Log ilirushwa mwaka 1984 na 1985, kisha ukafika Afrika Mashariki. Mwaka 1987 Kenya ilianza Tushauriane kwenye televisheni na Ushikwapo Shikamana kwenye redio. Majina hayo mawili yanatosha kuonyesha kwamba jambo lilikuwa limepata lugha yake. Halikuwa tena jambo la kigeni.

Tanzania haikuwa mgeni wa redio inayofundisha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, na vyoo vikachimbwa nchi nzima. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na jambo zito kuliko choo. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walikuwa wametambuliwa Kagera mwaka 1983, na ugonjwa ulikuwa ukisafiri na barabara kuu. Kila mtu alikuwa amesikia onyo. Mabango yalikuwepo, hotuba zilikuwepo. Kuambiwa kulikuwa kumefanyika vya kutosha.

Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, saa kumi na mbili na nusu jioni. Saa hiyo ilichaguliwa na mtu anayejua nyumba zetu. Jua limetua au linatua, mboga iko jikoni, baba amerudi, na redio moja inawasikilizisha wote, pamoja na majirani waliokuja na vigoda vyao.

Mkwaju ni dereva wa lori. Ana mke na ana nyumba ndogo kila kituo. Ana pesa, ana maneno, na yeyote aliyewahi kusimama kwenye vituo vya malori anamfahamu, hata kama alimjua kwa jina jingine. Mke wake, Tunu, mwanzoni ni mwanamke wa kuitikia tu. Vipindi vinavyokwenda anaanza kupata sauti yake. Anaanzisha biashara ndogo, anajisimamia, na hatimaye anaachana na mume huyo. Mkwaju anapata Ukimwi.

Hapa ndipo Bobo na Mkwaju wanapokutana. Mkwaju alikuwa mtu wa kuvutia kuliko wote mchezoni, na mtu angeweza kuhofia kwamba vijana wangemuiga yeye, kama watoto wa Stanford walivyomuiga mwenye nyundo. Lakini wasikilizaji hawakuonyeshwa ulevi na wanawake tu. Walikaa naye miezi na miezi hadi walipoona bei. Na wakati huohuo walimsikia Tunu, ambaye hakuwa shujaa, akifanya jambo gumu moja baada ya jingine kwa sauti inayotetemeka. Jioni ile mke aliyesikiliza alikuwa na cha kumwambia mumewe bila kumtaja mumewe. Alimtaja Mkwaju. Watafiti walikuja kugundua kwamba mazungumzo ya mume na mke juu ya uzazi wa mpango yaliongezeka miongoni mwa wasikilizaji, na mimi sioni ajabu: mchezo ulikuwa umewapa mtu wa tatu wa kumsema.

Tunayajua haya kwa sababu ya uamuzi mmoja uliofanywa kabla ya kipindi cha kwanza. Everett Rogers, mtaalamu wa Marekani wa namna mambo mapya yanavyoenea, pamoja na mwenzake Peter Vaughan na wenzao wa Tanzania, walitaka kujua kama mchezo wenyewe ndio unaobadilisha watu, au ni nyakati tu. Mtambo wa Dodoma uliweza kurusha matangazo yake peke yake. Basi ikaamuliwa kwamba saa ya Twende na Wakati, Dodoma irushe vipindi vingine. Nchi yote ingemsikia Mkwaju. Eneo la Dodoma lisimsikie.

Ilikuwa miaka miwili. Sijawahi kulisoma jambo hili bila kujiuliza juu ya watu wa Dodoma, kwa sababu ugonjwa haukuwasubiri. Mwaka 1993 hakuna aliyejua kwa hakika kwamba mchezo wa redio unafanya kazi hiyo, na kama wasingesubiri, huenda hata leo tungekuwa tunabishana. Hata hivyo ni deni, na naona linapaswa kutajwa kila matokeo yanaposifiwa.

Kila mwaka wahojaji walizunguka na madodoso, wakiwahoji watu zaidi ya 2,500 katika maeneo yaliyosikia na yasiyosikia. Mwaka 1995, asilimia 82 ya wasikilizaji walisema mchezo umewafanya wafanye jambo la kujikinga na Ukimwi, na wengi wao walisema wamepunguza idadi ya wapenzi. Maneno ya mtu juu ya chumba chake cha kulala hayawezi kupokewa yote kama yalivyo, na kwa hiyo ushahidi wa zahanati una thamani zaidi kwangu: kati ya waliofika vituo vya afya kuanza uzazi wa mpango, takribani robo walipoulizwa kilichowaleta waliutaja mchezo kwa jina. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda katika maeneo yaliyosikia. Dodoma hayakupanda kwa namna hiyo.

Albert Bandura aliishi kuyaona hayo yote. Alifariki tarehe 26 Julai 2021, akiwa na miaka 95, na katika maandishi yake ya uzeeni Tanzania ilitajwa karibu na kile chumba chenye mwanasesere na nyundo.

Na Dodoma? Septemba 1995 mtambo wake ulianza kurusha Twende na Wakati. Wahojaji waliporudi, hadi mwaka 1997, walikuta mabadiliko yale yale yameanza na huko.